Pipi Kwenye Banda la Mayu

Nilipohamishiwa Bariadi kufundisha, nikitokea Iringa, watu wa kwanza kunizoea hawakuwa walimu wenzangu. Walikuwa majirani wawili wafuga kuku. Mmoja ni mama wa makamo anayeuza samaki sokoni, wanaoletwa kutoka Lamadi. Mwingine ni mjane mtu mzima, mzaliwa wa Kasoli, ambaye mtaa mzima unamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kati ya ua wangu na wake pana uzio wa minyaa tu, na kuku hawajawahi kuiheshimu.

Jioni, nikishatoka shule, tulikaa kwenye vigoda nyuma ya nyumba ya Mayu.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia, Kisukuma changu kikiishia hapo.

"Mwadila, mwanangu. Kuku wako mwekundu amelala kwangu tena leo. Kwani hapo kwako humpi chakula?"

Tuliongea kuku mpaka jua likazama. Nani ametaga, nani anang'ang'ania kuatamia mayai yasiyo na mbegu. Chupa moja ya chanjo ya kideri ilitutosha nyumba tatu, basi tulichanja siku moja, mimi nikishika, muuza samaki akidondosha tone kwenye jicho. Tukimaliza habari za kuku tulihamia kwa paka wa muuza samaki, ambaye alinuka sangara na bado alilala katikati ya vifaranga wa Mayu bila kumgusa hata mmoja. "Huyo ameshiba samaki," Mayu alisema. "Siku ukikosa mzigo ndiyo tutamjua."

Pipi nazo zilikuwa na zamu yake. Muuza samaki alimumunya pipi kali za kifua kutwa nzima, akidai zinamwondolea harufu ya soko. Alinigawia mimi. Mayu hakupewa, maana alikuwa na kisukari, na binti yake aliyeko Mwanza alimpigia simu kila siku kumuuliza amekula nini. "Ugali wa mtama na mlenda," Mayu alijibu, nasi tulimwonea huruma.

Msimu uliopita, watu wakichuma pamba, kuku wangu mwekundu aligoma kula. Alisimama kwenye kona amejikunyata, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu. Siku ya pili hakunywa hata maji. Muuza samaki alimtazama akaniambia, "Mwalimu, hicho ni kideri. Chanjo imepitiliza wiki mbili. Mchinje umfukie, la sivyo atatumalizia kuku wote."

Nilimpenda kuku yule. Ndiye wa kwanza niliyemnunua nilipofika, siku ambazo sikuwa na mtu wa kusema naye. Lakini nilimbeba nikachukua kisu. Nilikuwa nimeshamkanyaga mabawa, nikiomba muuza samaki anishikie miguu, Mayu alipoinuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Usimchinje. Siyo kideri."

"Umejuaje, mayu?"

Alikunja kanga yake, akaikunjua. "Mshike hapo chini ya shingo."

Nilimshika. Pale kwenye kifuko cha chakula palikuwa na donge gumu kama ngumi ya mtoto.

"Amekula pipi zangu," Mayu alisema. "Na karatasi zake."

Tulimfuata bandani. Chini ya majani ya kikapu cha kutagia, mahali ambapo binti yake, hata akija kumtembelea, asingeingiza mkono kamwe, kulikuwa na mfuko wa pipi za maziwa, umetobolewa kwa midomo. Muuza samaki aliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikumbuka kidonda cha mguuni mwa Mayu, ambacho nesi wa kliniki alikuwa akikifunga kila wiki na hakikuwa kinapona.

Kwanza tulimshughulikia kuku. Nilimpakata, muuza samaki akamnywesha mafuta ya alizeti kidogo kidogo na maji ya vuguvugu, na Mayu akalikanda lile donge taratibu kwa vidole vyake vya mchuma pamba. Alipokuwa akikanda ndipo alipotusimulia. Kila mumewe alipokwenda kuuza pamba, alirudi na pipi kwenye mfuko wa shati, akampa yeye kabla ya watoto. "Wakati ule sikuzipenda hata. Nilizimumunya kwa sababu yake tu. Alipokufa ndipo nikaanza kuzitamani." Muuza samaki aliacha kucheka, akageuka kujifuta uso.

Tulimkanda kuku siku mbili. Siku ya tatu, akiwa ameinamishwa, alitapika kibonge cha nyasi na karatasi mbili nyeupe. Alikaa chini, akatikisa kichwa, akadonoa punje ya mtama.

Asubuhi iliyofuata tulimsindikiza Mayu kliniki. Sukari ilikuwa juu, nesi akamsema mbele yetu kama mtoto. Tuliporudi alichukua simu, yeye mwenyewe akampigia binti yake.

"Mwanangu, nimekuwa nikikudanganya." Akamweleza yote, mpaka banda. Tukamsikia binti upande wa pili, "Sasa mama, kuku wa mwalimu amepona?"

"Mhola duhu," Mayu alijibu, yaani mzima kabisa.

Sitasema aliacha siku ile. Mara mbili tumemkuta shavu limevimba kwa pipi, na mara zote mbili alizitema mwenyewe. Kidonda kimefunga. Hamu ikimshika huniita kwa sauti kutoka upande wake wa minyaa: "Mwalimu, njoo unisemeshe!" Naacha madaftari ya watoto mezani na kwenda, nasi tunaongea lolote: mvua, bei ya mahindi, jogoo mpya wa muuza samaki anayewika saa sita mchana, mpaka hamu imwishe.