Bomba Lililobaki Mezani

Justa Komba, mfamasia wa wodi ya watoto mjini Songea, hamruhusu mama yeyote aondoke na dawa ya degedege kabla hajamwona akivuta maji kwa bomba dogo lisilo na sindano, mpaka mstari wa kipimo cha mwanawe. Akikosea, anarudia. Wauguzi humwita mkorofi.

"Bora mnichukie," huwajibu, "kuliko tuzike mtoto tuliyemponya wenyewe."

Siku ya Jumanne Justa alikawia kikaoni. Aliporudi, kitanda namba nne kilikuwa kitupu. Muuguzi Fulgence alimweleza kwamba Beata, mama yake Remigi, ameshaondoka na mwanawe. Alikaa wodini siku kumi na moja, na gari la kwenda kwao Madaba lilikuwa linamwacha. Chupa ya dawa alikuwa amepewa. Bomba lilikuwa bado mezani, halijafunguliwa hata karatasi yake.

"Sasa atapima mililita mbili na nini, Fulgence? Kwa macho?" Justa alifoka.

Alipiga simu ya Beata, haikupatikana. Alipiga mpaka jioni, na kesho yake tena tangu alfajiri. Saa nne asubuhi ikapokelewa na bibi yake mtoto.

"Shikamoo, mama. Ni yule wa dawa, hospitali. Remigi anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mungu awabariki, dawa yenu ni nzuri kweli. Tunampa kijiko kimoja tu, kile cha kulia wali. Hasumbui tena. Tangu jana usiku amelala, hata tukimwita haitiki."