Mvua Iliyotangulia Kanisa

Jumanne, kwenye kaunta ya ofisi ya maji Machakos, nilisimama nyuma ya akina mama wawili wa Kithimani, huko Yatta, Mkatoliki na Mprotestanti. Kila mmoja alishikilia kwamba maombi ya kanisa lake ndiyo yaliyojaza kisima kirefu cha kijiji, kwa hivyo kanisa lake ndilo liongoze ibada ya shukrani.

Mtaalamu wa maji akafungua karatasi ya maabara yenye vipimo vya kisima hicho.

“Maji hubeba alama ya mvua iliyoyaleta,” akasema taratibu. “Jicho haliioni, lakini maabara inaisoma. Hii yenu ni mvua ya zamani sana, ilinyesha kabla ya kanisa lolote kufika Yatta. Hata hiyo chumvi mnayoonja, imetoka kwa mawe miaka hiyo yote.”

Mkatoliki akavua miwani, akacheka mpaka akashika kaunta.

“Mwaitu, mama yangu, kumbe wazee wetu waliomba mvua, ikabaki ardhini mpaka siku zetu.”

“Na sisi tunawaita wapagani,” mwenzake akasema.

Wakakubaliana ibada iwe moja, na ianze kwa kuomba radhi. Nimealikwa. Lakini tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, najiuliza nani ataichota, na atatuitaje.