Mpira wa Bomba la Kahawa Ulivyoniaibisha Ukweni

Jamani, hili nalisema mwenyewe kwa sababu mke wangu hulisimulia kila penye wageni na hulitia chumvi, basi bora mlisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Nilikuwa na kigari chekundu cha turbo, na Tunduma nzima ilijua kina turbo maana nilikuwa simalizi salamu bila kuitaja (ushamba mzigo, na mimi niliubeba kwa raha zote). Wiki ya kwenda kujibiwa posa kule kijijini Ruanda gari likaanza kusita, ukikanyaga mafuta linawaza kwanza, halafu linaruka ghafla, na chini ya boneti kuna mlio wa ssss kama chapati kwenye kikaango. Nikalipeleka kwa fundi wangu pale mtaani Mpemba, akasikiliza, akapitisha kidole kwenye ile mipira midogo ya upepo, alipoziba sehemu moja mlio ukakata.

"Huu umepasuka. Niachie mpaka Jumatatu nipate wa kwake, unaovumilia joto."

Jumatatu! Na posa ni Jumamosi! Nikaona ananizungusha tu. Nikaenda nyuma ya nyumba ya baba mdogo, nikakata kipande cha mpira wa bomba lake la kupulizia dawa ya kahawa, nikakichomeka, nikakaza na waya, gari likatulia, nikajiona injinia.

Jumamosi tukaondoka, mimi na suti, baba mdogo ndiye mshenga kakaa mbele, shangazi nyuma na vitenge vyake. Tumefika salama kabisa, ila kile kilima cha kuingilia ukweni nikasema ngoja waisikie turbo, nikakanyaga mpaka mwisho. Paa! Gari likakohoa, likazima, likarudi kinyumenyume hadi mtaroni, wazee wamejipanga getini kutupokea.

Nilikuwa nimeonywa nisisogeleane na mama mkwe mpaka posa ijibiwe, kwa hiyo nikazamisha kichwa kwenye boneti, najifanya natengeneza. Nani akaja kuchungulia? Mama mkwe mwenyewe, mwenye shamba lake la kahawa, kavutwa na harufu ya dawa iliyokuwa inaungua pale.

"Baba, huu si mpira wa bomba la kupulizia?"

Sijajibu, baba mdogo kashainama. "Kumbe ndiyo maana jana dawa imenimwagikia mgongoni!" Mshenga huyo, mbele ya watu aliokwenda kuwasifia tabia yangu!

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha wakavua makoti, tukasukuma gari hadi uani, matope yakinipanda kwenye suti, na moyoni nilishaona mke nimemkosa. Niliumia kweli, maana nilimpenda.

Wazee wakateta ndani, halafu wakamwita mshenga.

"Binti tunawapa. Kijana wenu hana ubaya, hana subira tu. Basi atamchukua kahawa ikishavunwa yote."

Ilikuwa Januari. Mimi niliyeshindwa kusubiri siku mbili nikasubiri hadi Septemba, na kila nikipiga simu kuulizia mavuno, mama mkwe ananijibu kwa upole kwamba bado kuna matunda mabichi kule juu. Siku hizi fundi akisema Jumatatu, hata iwe Jumatatu ya mwakani, namkabidhi funguo naondoka kwa miguu.