Sweta ya Kukua Nayo

Nimefuma sweta za shule hapa Kitale tangu hawa wazazi wa leo wakiwa watoto, wao wenyewe wakivaa sweta zangu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mtoto akisimama mbele ya kibanda changu namwangalia mabega mara moja, nimemaliza. Halafu naongeza upana wa vidole viwili. Kila mzazi anataka hivyo, sweta ya kukua nayo. Ukimfumia mtoto ya kumtosha leo tu, mamake atakuuliza kama mwaka ujao utamfumia bure.

Lakini Januari hii kibanda kilikuwa kimya. Wazazi walipita na simu mkononi, ati wameshaagiza huko. Imebaki wiki moja tu shule zifunguliwe, na sweta zangu zimepangwa mpaka zinagusa mabati! Sweta ya shule isiponunuliwa Januari ni ya kulalia paka.

Mjukuu wangu, msichana anayesoma chuo pale Kibabii, wa kwanza kwetu kufika chuo, na nitalisema tena, akanifungulia ukurasa wa kuuzia kwenye simu. Akapiga sweta picha.

"Shosho, wewe fuma tu. Wateja watakuja."

"Watakuja wapi na sioni mtu?"

"Si ndiyo raha yake, bana!"

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Bungoma. Aliandika rangi, akaandika "miaka kumi". Mabega sikuyaona. Nikafuma ya miaka kumi, nikaongeza vidole vyangu viwili, nikaituma na gari la asubuhi.

Kesho yake mjukuu akanionyesha picha. Yule mama alikuwa ameweka mtoto wake kwenye ukurasa wangu, sweta imefika magotini, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyevunjika. Chini ameandika: "Niliagiza sweta, nimeletewa gauni." Watu wanacheka. Wawili waliokuwa wameagiza wakajitoa.

"Futa hiyo!"

"Nikifuta watasema tunaficha kitu, Shosho."

Hapo ndipo nilipochemka. Sokoni mtu akinitukana namjibu papo hapo, na majirani wanasikia pande zote mbili. Huku natukanwa nikiwa jikoni namenya viazi!

Nikachukua tepu, nikabeba sweta nyingine ndogo ya rangi ile ile, nikaenda Bungoma kwa yule mama. Mama akamtoa mtoto. Nikayaona mabega, nikajua.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Minane."

"Na uliandika ngapi?"

Akaangalia chini. "Kumi. Si ndiyo akue nayo, mama?"

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Yeye ameongeza miaka miwili, mimi nimeongeza vidole viwili, na mtoto wa watu amezama katikati.

Ile ndogo ikamkaa vizuri. Mama akaniletea chai, akayafuta maneno yake mbele yangu. Lakini picha watu walikuwa wameshatumiana mpaka Endebess. Huko ningeenda kwa nani na tepu yangu?

Nikamwambia mjukuu aandike kwa herufi kubwa: "Sema umri wa kweli. Kukua niachie mimi."

Siku hiyo hiyo mtu akaandika: "Miaka tisa, lakini fanya kama kumi na moja."

"Muulize mabega ya mtoto yakoje," nikasema.

Akaulizwa. Shule zimefunguliwa, sweta bado zinagusa mabati, na huyo mtu hajajibu.