Kioo cha Robo Inchi

Sikumwamini yule fundi wa saa, na nalisema mapema usije ukadhani nilikuwa mtu mwema. Miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, hapa Nakuru hakuna aliyemwamini mwenzake, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Darubini niliipata kwa dereva mmoja wa treni, Mzungu aliyekuwa akistaafu na kurudi kwao. Nilikuwa fundi katika karakana ya injini na alijua napenda vitu vya shaba. Aliniachia bomba na miguu yake mitatu, lakini kile kioo kidogo cha nyuma, unachowekea jicho, kilikuwa kimepotea. Niliingia nayo jioni kwenye landhi za reli, zile nyumba za mistari za wafanyakazi, nimeibeba begani, na watu wakanyamaza mpaka nikapita. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimeenea mstari mzima: Mzungu hampi mtu kitu bure, na huyu amepewa chombo cha kutuchungulia.

Hilo halikuwa neno dogo. Ukishaitwa kibaraka siku zile, mkeo hapewi nafasi kwenye foleni ya maji, na wewe mwenyewe hujui nani anakuvizia. Jirani yangu wa mlango wa pili, tuliyetoka naye kijiji kimoja huko magharibi na kuimba naye kwaya moja, aliacha hata kunisalimu. Iliniuma sana. Nikaona dawa ni moja tu: niwaonyeshe mwezi kwa macho yao wenyewe, wajue chombo ni cha kutazama juu.

Fundi wa saa, Mhindi mzee mwenye duka karibu na soko, alikuwa na vioo viwili vya jicho ndani ya mkebe wa biskuti. Kimoja kirefu, kimeandikwa inchi moja. Kingine kifupi, robo inchi. Nilikuwa nimemtengenezea bawaba za mlango, tukakubaliana ujira wangu uwe kioo kimoja.

"Hiki kifupi ndicho kinakuza zaidi?" nikamuuliza.

"Mara nne. Lakini wewe chukua hii refu, fundi. Mwezi itatulia. Hata ile sayari kubwa, Mshtarii, utaona, na miezi yake nne."

"Na hiki kifupi unamwekea nani?"

Alicheka kidogo. "Bomba yako nyembamba, mwanga ni ile ile. Ukiongeza maji kwa chai unapata vikombe mingi, hupati chai mingi."

Maneno matamu, nikajiambia. Mwenye duka anayekusihi uache kilicho kikali ana mteja wake mwingine, tena mwenye gari. Nikachukua kile kifupi na kutoka haraka kabla hajabadili nia.

Mwezi ulipofika nusu, niliisimamisha darubini mbele ya nyumba jua likiwa ndiyo limezama. Kwa amri ya kutotembea usiku, kwenda uwanjani saa hiyo ilikuwa kutafuta kukamatwa, kwa hiyo nikaielekeza juu ya mapaa ya mabati, ambayo bado yalikuwa yakitoa joto la mchana. Jirani yangu aliinama wa kwanza.

"Naona uji," akasema. "Tena unachemka."

Nikatazama mwenyewe. Kweli ulikuwa uji, hafifu na wenye kutetemeka, na kila nilipoligusa bomba mwezi ulikimbia. Wenzake wakatazama, wakatingisha vichwa.

"Hii kitu si ya mwezi," jirani akasema. "Sasa tuambie ni ya nini."

Kesho yake saa ya chakula nilikwenda dukani nikiwa tayari kwa ugomvi. Mzee aliniuliza jambo moja tu, kama niliiweka karibu na mabati, kisha akasema kile kifupi hukuza hata joto linalopanda, akanibadilishia. Nilikigeuzageuza kile kioo kirefu mbele ya macho yake nikitafuta mikwaruzo. Hakikuwa na hata mmoja, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Jioni hiyo mwezi ulitulia. Milima ilionekana, na vivuli vyake, na mashimo yenye kingo kali ungedhani yamechimbwa jana. Jirani aliinama muda mrefu mpaka wengine wakaanza kulalamika. Aliponyanyuka nilikuwa namngoja huku natabasamu.

"Huko ni mbali namna gani?"

"Ukipanda treni isiyosimama stesheni hata moja, utakwenda karibu mwaka mzima."

Aliliangalia bomba. Kisha akaangalia mlango wake, hatua sita kutoka tuliposimama.

"Na unaona hata mashimo," akasema polepole. "Basi kwangu umeona nini?"

Nilijitetea mpaka sauti ikanikauka. Asubuhi tulikuta ametundika blanketi zito mlangoni, na mkewe akipita alijifunika uso. Darubini niliifunga kwa gunia nikaisukuma chini ya kitanda. Lakini kila nilipopita pale kwenda kazini, nililitazama lile blanketi na kujiuliza yule bwana anaficha nini.