Ufa Kwenye Bunduki ya Mulei

Mulei hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa rizavu, mmoja wa wakulima waliopewa bunduki na polisi walinde mifugo upande wa mashariki wa Mutomo, na kazi hiyo aliianza akiwa kijana, mara baada ya uhuru. Kufikia ukame wa 1984 alikuwa na wajukuu, na goti lililovimba kila akitembea mbali. Bado alilinda usiku na kulima mchana.

Siku moja lori lilileta mahindi ya msaada. Mulei aliketi kivulini kusimamia foleni, akaweka bunduki chini kando yake, usingizi ukamchukua. Lori lilipoanza kurudi nyuma watu walipiga kelele. Miguu aliwahi kuivuta, lakini bunduki ilikanyagwa na gurudumu.

Aliipeleka kituoni. Fundi wa silaha, mzee Mutiso, aliifungua juu ya gunia. Kitako kilikuwa kimevunjika, lakini hicho ni mbao tu, kingepatikana kingine. Shida ilikuwa kile kiunzi cha chuma kinachoshika mtutu kwa mbele na kupokea bolti, komeo la chuma linalofunga risasi ndani, kwa nyuma. Mutiso alikipaka mafuta, akakipangusa, na mafuta yakabaki kwenye mstari mwembamba kama unywele.

Mulei akauliza kama ufa huo hauwezi kuchomelewa. Mutiso alisema wapo mafundi mjini Sultan Hamud wanaochomelea malori. Wangeuziba mpaka usionekane. Ila moto ule hulegeza chuma cha namna hiyo, na hakuna jicho linaloweza kuona kimelegea kiasi gani. Njia nyingine ilikuwa kuiandika mbovu na kungoja nyingine kutoka Nairobi, labda mpaka mvua.

"Ikichomelewa itapiga," alisema Mutiso. "Sijui itapiga mara ngapi. Na bolti ikiruka nyuma, uso wako ndio uko hapo."

Mkubwa wa kituo alisema ataruhusu ichomelewe, mradi Mulei mwenyewe akubali kuibeba.

Nyumbani majirani walimngoja. Kaluki, mjane aliyebakiwa na ng'ombe wawili, alisema bunduki yenye kiraka ni afadhali kuliko fimbo, na wengine wakaitikia. Nzilani, mke wa Mulei, alipepeta mtama mpaka wageni walipoondoka.

"Baba Ndinda, unaogopa itakupasukia?"

"Naogopa," alisema. "Lakini nikifikiria kungoja, moyo wangu unafurahi. Hilo ndilo linalonisumbua. Nimechoka, Nzilani."

Nzilani aliendelea kupepeta mtama. "Hata kama hungekuwa umechoka," alisema, "ufa ungekuwa pale pale."

Kesho yake Mulei alirudi kituoni, akasema iandikwe mbovu.

Kwa muda alilala usiku kama watu wengine. Kisha, kabla ya mvua, wezi wakachukua ng'ombe wote wawili wa Kaluki. Mulei alifuata nyayo pamoja na wanaume wenye pinde mpaka goti likakataa, wakamwacha chini ya mgunga. Walirudi mikono mitupu. Tangu hapo Kaluki akimwona kisimani aliteka maji haraka na kuondoka bila salamu, na Mulei hakumlaumu.

Mvua ilipoanza, bunduki nyingine ikafika. Mulei aliomba bunduki apewe mtu mwenye miguu mizima, akamtaja kijana Mbuvi. Akaambiwa Mbuvi ameshaenda Mombasa kutafuta kazi, na vijana wengine vilevile. Akatia kidole gumba kwenye wino, akaichukua.

Njiani alimkuta Kaluki shambani akipanda kunde. Kaluki alinyoosha mgongo, akaitazama ile bunduki kwa muda mrefu.

"Imekuja," alisema.

"Imekuja, mama."

Kaluki akainama tena kwenye mashimo yake. Mulei akaiweka bunduki begani, akaendelea na safari. Jioni hiyo Nzilani alipika isyo mapema, mahindi na maharagwe, ili mumewe ale kabla ya kwenda zamu.