Taa ya Breki ya Tela

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki nzima lilikuwa moja tu: je, ile taa ya breki iliwaka? Nililigeuza kila upande, na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo.

Mdogo wangu, sina mvi za kukuita mwanangu. Lakini unakwenda chuo kusomea umeme wa magari, na mimi niliyekutangulia nina neno ambalo sikuambiwa na mtu.

Nakumbuka vizuri asubuhi ile ya msimu wa alizeti, hapa Sepuka. Nilikuwa na mwaka wa pili nyumbani na shahada yangu ya umeme, nikiandika barua za kuomba kazi zisizojibiwa. Baba mdogo Ntandu alikuwa amenunua tela kuukuu Manyoni, ili pikapu yake ivute magunia hadi kwenye mashine ya kukamulia mafuta Singida mjini. Fundi Shabani akafunga chuma cha kuvutia tela kwenye chasisi. Taa nikapewa mimi. Baba mdogo akamwambia kila aliyepita kwamba safari hii hatafuti fundi umeme, msomi yupo nyumbani.

Unanijua. Mchoro wa nyaya niliuchora mara sita. Nikafunga soketi, nikaunganisha indiketa, taa za nyuma na breki. Ukabaki waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye gari. Ulipaswa kupita kwenye soketi pamoja na wenzake, lakini waya ulikuwa umeniishia, na majirani walikwisha kupakia magunia yao, kila nyumba na alama yake ya rangi. Nikauacha. Nikajiambia umeme utarudi kupitia kile chuma cha kuvutia, maana chuma kimegusa chuma. Kumbe kimepakwa grisi inayozuia umeme, na barabara yetu ni makorongo matupu ya kukirusharusha.

Nikamwomba baba mdogo akanyage breki. Taa zikawaka, zikafifia. Nikaitikisa tela, zikawaka tena.

“Vipi, msomi, twende au tukusubiri uchore tena?” akauliza. Watu wakacheka.

“Iko sawa,” nikasema.

Maneno mawili tu, mdogo wangu. Nayatafuna hadi leo.

Kabla hawajafika kwenye lami, mbuzi walikatiza barabara na baba mdogo akafunga breki. Nyuma yake, ndani ya vumbi, alikuwa Juma, kijana wa bodaboda wa hapa hapa kijijini. Akaivaa tela. Mguu ulivunjika vibaya, na daktari hakuahidi kwamba atatembea tena bila gongo.

Juma alisema hakuona taa yoyote. Watu wakasema kila anayegonga husema hivyo, na bodaboda wanakimbia mno. Baba mdogo naye alisema hivyo, bila ubaya, maana hakujua. Nilipokwenda hospitali kumwona mgonjwa, nilimkuta mama yake mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaniomba radhi kwa usumbufu ambao mwanawe ameiletea familia yetu. Nikageuza njia bila kuingia wodini.

Nikawaza. Labda alikuwa anakimbia kweli. Labda katika vumbi lile hata taa nzima isingeonekana. Labda baba mdogo atafungwa. Kila labda ilizaa nyingine. Zamani nilikuwa nikijisifu kwamba kufikiri kwangu kwingi ni umakini. Ulikuwa woga.

Basi shika hili. Kazi ukiitilia shaka, isimamishe kabla gari halijaondoka, hata wakikucheka. Na ukishindwa hapo, kama nilivyoshindwa mimi, usingoje moyo utulie ndipo useme. Wangu haujatulia hata sasa. Mungu akupe mikono ya kweli na kinywa kisichochelewa, na akuepushe na asubuhi kama yangu. Nakuombea haya sasa, kwa sababu nikimaliza kukueleza yaliyobaki sitakuwa na la kuongeza.

Siku ya nane nilimwambia baba mdogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajanisemesha. Nikapanda gari hadi hospitali, na safari hii nikaingia wodini.

“Juma,” nikamwambia, “taa zilikuwa mbovu. Nilizifunga mimi, na nilijua kabla hawajaondoka.”

“Nilishaanza kuamini kwamba nilisinzia, kaka,” akasema, kisha akageukia ukuta.